Kifurushi cha "vipimo vya stresi" Nairobi: kipi ulipie, kipi uache

Maabara za kibinafsi Nairobi zimezoea kuuza vipimo kwa vifurushi: cha moyo, cha figo, cha mama mjamzito, na sasa cha stresi. Jina hubadilika kutoka kaunta moja hadi nyingine, lakini ukikifungua hiki cha stresi utakuta karibu vitu vilevile: CRP (protini inayopanda kwenye damu mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi), ESR (kasi ya chembe nyekundu kuteremka mrijani), kotisoli ya asubuhi, hemogramu kamili (hesabu ya chembe za damu), sukari, mafuta ya damu, vitamini D. Mara nyingi kipimo cha H. pylori, bakteria wa tumboni, kimepachikwa mwishoni, maana mtu wa hapa akishasema ana stresi, sentensi inayofuata huwa ni vidonda vya tumbo.

Hatutaji maabara yoyote. Tunachokagua ni bidhaa yenyewe: kila kipimo kinapima nini, kinaharibika wapi kati ya mkono wako na mashine, na kama majibu yake yanaweza kubadilisha uamuzi wowote. Kwa mwenye haraka: CRP inafaa, lakini iwe ile ya hs (yenye unyeti wa juu) na ifanywe mara mbili. Hemogramu inafaa. Kotisoli ya asubuhi, kwa mtu mwenye stresi tu, ni pesa imepotea. Na vitu viwili vinavyosema mengi zaidi kuhusu stresi na mwili havimo kabisa kwenye kifurushi, kimoja chavyo kikiwa bure.

Stresi inavyofika kwenye damu

Mtu akibanwa na jambo, mwili hufanya mambo mawili karibu kwa pamoja. La kwanza hupitia kwenye neva: ndani ya sekunde chache noradrenalini imemwagwa, moyo unakwenda mbio, seli nyeupe zinaingia mzungukoni kwa wingi. La pili hupitia kwenye homoni: ubongo huiagiza tezi ya pituitari, pituitari huziagiza tezi za adrenali zilizo juu ya figo, nazo hutoa kotisoli, ambayo hufika kileleni yapata dakika 20 hadi 30 tangu jambo lenyewe lianze. Kazi mojawapo ya kotisoli ni kutuliza mchochota, yaani ule uvimbe na joto ambavyo kinga ya mwili huleta inapopambana. Kwa hiyo msongo wa saa moja, kama usaili wa kazi, hupita na mwili ukarudi ulikokuwa.

Shida ni msongo usioisha: kodi ya nyumba imelimbikizana, mzazi anauguzwa nyumbani mwaka wa tatu, mshahara hauji kwa tarehe. Kotisoli ikibisha hodi kila siku, seli za kinga huacha kufungua mlango. Homoni ipo ya kutosha, ila haitiiwi. Protini za mawasiliano kama IL-6 zinaendelea kutoka, IL-6 inafika kwenye ini, na ini linajibu kwa kutengeneza CRP.

Haya si maneno ya mitandaoni. Mwaka wa 1991 Sheldon Cohen na wenzake walichapisha matokeo ya watu 394 wenye afya waliotiwa virusi vya mafua puani kisha wakawekwa karantini. Kadiri alama za msongo zilivyopanda ndivyo waliougua walivyoongezeka, kutoka yapata asilimia 27 hadi 47. Mwaka wa 2012 timu yake ilirudi na watu 276. Waliokuwa na msongo wa muda mrefu, ambao seli zao za kinga hazikuiitikia kotisoli ipasavyo, ndio walioangushwa na mafua zaidi. Kilichowatofautisha na wengine ni utiifu wa seli, wala si wingi wa kotisoli. Shika hilo, kwa maana ndilo linaloamua kipimo gani tunakitoa kwenye kifurushi.

Kuna na kazi ya Janice Kiecolt-Glaser huko Ohio, Marekani, ya mwaka wa 1995: wanawake 13 waliokuwa wakiuguza jamaa zao wenye demensia, na wengine 13 wasiouguza mtu, walikatwa kijidonda cha milimita 3.5 mkononi. Cha wauguzaji kilichukua wastani wa siku 48.7 kupona, cha wenzao siku 39.3. Anayeuguza mzazi mwenye kiharusi katika nyumba ya vyumba viwili Umoja anaweza kuyasoma majibu hayo bila kuhitaji kufafanuliwa.

CRP: kipimo kizuri, kinachouzwa vibaya

Kwenye fomu ya maabara kuna CRP za aina mbili, na mhudumu wa mapokezi mara nyingi hazitofautishi. Ya kawaida imetengenezwa kukamata maambukizi makali. Mashine nyingi za aina hiyo hazisomi vizuri chini ya miligramu 3 hadi 5 kwa lita, basi majibu huja yameandikwa "chini ya 5" na mteja anaambiwa yuko sawa. Lakini mchochota wa chinichini unaohusishwa na msongo, unene na mishipa ya moyo unakaa hukohuko chini, kati ya 1 na 10. Kuutafuta kwa CRP ya kawaida ni kupoteza damu. Unachotaka ni hs-CRP, yenye unyeti wa juu. Hakikisha herufi hizo mbili za mwanzo zimeandikwa kwenye risiti kabla hujalipa, kwa sababu baada ya kutolewa damu huwezi tena kubishana.

Pili, vizio vya kipimo. Maabara nyingine huandika mg/L, nyingine mg/dL. Majibu ya 0.8 mg/dL ni sawa na 8 mg/L. Tumeona watu wakilinganisha karatasi mbili kutoka maabara mbili, 0.8 na 6, wakalia kwamba hali imeharibika, kumbe imeboreka. Zidisha mg/dL kwa 10 ndipo ulinganishe.

Ukishapata namba ya hs-CRP kwa mg/L, ngazi zinazotumika kwa hatari ya moyo, zilizotolewa Marekani mwaka wa 2003, ni hizi: chini ya 1 hatari ndogo, 1 hadi 3 ya wastani, zaidi ya 3 kubwa. Ikizidi 10, usiisome kama habari ya stresi hata kidogo. Hapo kuna kitu kingine kinachoendelea. Kitafutwe, kitibiwe, na kipimo kirudiwe baada ya wiki mbili au zaidi.

Hicho kitu kingine ni nini? Hapa ndipo kifurushi kinapowaangusha wengi, kwa sababu anayetoa damu hamuulizi mteja lolote zaidi ya jina na umri. CRP hupandishwa na mafua ya kawaida, jino lililooza au ufizi unaotoka damu, malaria uliyoibeba kutoka Busia au Kisumu wikendi ya mazishi, chanjo ya siku mbili zilizopita, mbio ndefu za Jumapili, sigara, vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni, na virusi vya Ukimwi visivyodhibitiwa. Zaidi ya yote hupandishwa na mafuta ya tumboni, kwa sababu seli za mafuta zenyewe hutoa IL-6. Upande wa pili, dawa za kupunguza kolesteroli za kundi la statini huishusha. Mtu mwenye kiuno kipana na hs-CRP ya 4 hawezi kuambiwa kwa uhakika kwamba ni stresi. Kwa kawaida mchango wa unene ni mkubwa kuliko wa msongo, na mara nyingi viwili hivyo hutembea pamoja, kwani mtu aliyebanwa halali vizuri, hafanyi mazoezi, na anakula chipsi saa nne usiku akishuka kwenye matatu.

Utaratibu tunaoupendekeza ni mwepesi. Usipime ukiwa na homa, kikohozi, kuhara au kidonda. Subiri angalau wiki mbili tangu upone. Siku mbili kabla, usifanye mazoezi mazito. Damu ichukuliwe kwenye chupa ya kifuniko chekundu au cha manjano. Kwa CRP peke yake huhitaji kukaa njaa. Rudia baada ya wiki mbili katika maabara ileile, uchukue wastani wa namba mbili. Kipimo kimoja hakitoshi, kwa kuwa hs-CRP hupanda na kushuka sana hata kwa mtu mzima wa afya. Maabara itakayokuambia kimoja kinatosha, kisha ikuandikie "ripoti ya stresi" juu yake, inakuuzia karatasi.

Kotisoli ya asubuhi

Hiki ndicho kipimo kinachong'arishwa zaidi kwenye matangazo, "homoni ya stresi", na ndicho tunachokitoa.

Sababu ya kwanza tumeshaitaja: katika msongo wa muda mrefu kasoro iko kwa seli zisizotii, na kipimo cha damu huhesabu homoni tu. Mtu aliyechoka kabisa anaweza kuwa na kotisoli ya kawaida kabisa.

Sababu ya pili ni saa. Kotisoli hupanda na kufika juu dakika 30 hadi 45 baada ya kuamka, kisha hushuka mchana kutwa hadi chini kabisa karibu na usiku wa manane. Sasa mchukue mkazi wa Rongai anayeamka saa kumi na nusu alfajiri ili aukwepe msongamano wa Lang'ata Road, akafika maabara ya katikati ya jiji, akatolewa damu saa mbili asubuhi. Kilele chake kimepita zaidi ya saa mbili na nusu. Jirani yake kwenye foleni anaishi Kilimani, ameamka saa moja na robo, amechomwa sindano dakika 45 baadaye, kileleni penyewe. Karatasi zao zinatoka na kiwango kilekile cha kawaida, takriban mikrogramu 5 hadi 25 kwa desilita, na wa Kilimani anaambiwa ana stresi kumzidi wa Rongai. Askari wa usiku na muuguzi wa zamu hawamo hata kwenye mchoro huo.

Sababu ya tatu ni vitu vinavyovuruga kipimo chenyewe, na Nairobi vipo tele:

Vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni huongeza protini inayoibeba kotisoli kwenye damu. Jumla inapanda, wakati ile iliyo huru, inayofanya kazi, iko palepale.

Prednisoloni, inayotolewa sana kwa pumu na mzio, hufanana na kotisoli kiasi kwamba mashine nyingi huihesabu kama ndiyo yenyewe. Deksamethasoni hufanya kinyume: inaizima ile ya mwili, majibu yanatoka chini mno.

Bayotini ya nywele na kucha, ile ya miligramu 5 au 10 kwa kidonge, huvuruga mashine za aina fulani na kuweza kuipandisha kotisoli kwa uongo. Iache siku mbili hadi tatu kabla, na umwambie mtaalamu wa maabara hata kama hakuuliza.

Halafu kuna krimu za kujichubua. Nyingi zinazouzwa kwa vibandiko visivyoeleweka huwa na klobetasoli au betamethasoni, steroidi kali zinazopenya ngozi na kuzilaza tezi za adrenali. Anayejipaka mwili mzima miezi kadhaa anaweza kupata kotisoli ya chini sana, akaambiwa adrenali "zimechoka kwa stresi" na kuuziwa vidonge vya kuziamsha. Hili si jambo la mzaha: akiiacha krimu ghafla anaweza kuzirai, presha ikaporomoka. Aende kwa daktari wa homoni na chupa ya krimu mkononi, apunguziwe pole pole.

Kuhusu huo "uchovu wa adrenali" unaotajwa kwenye vipeperushi: madaktari wa homoni hawautambui kama ugonjwa. Magonjwa halisi ya adrenali yapo. Kotisoli ikizidi mno, uso huwa mviringo, mistari mipana ya zambarau hutokea tumboni, misuli ya mapaja hudhoofu hata kupanda ngazi kunakuwa kazi. Ikipungua mno, uzito hushuka, kizunguzungu huja ukisimama, unatamani chumvi, na ufizi na mikunjo ya viganja huwa myeusi kuliko ulivyozoea. Mwenye dalili hizo anapimwa kwa njia nyingine kabisa, kama mate ya usiku wa manane au damu kabla na baada ya kuchomwa sindano ya kuzichochea adrenali, na daktari ndiye anayeagiza. Kotisoli moja ya saa mbili asubuhi ndani ya kifurushi haimfai huyo wala wewe.

Ukiweza kubadilishana kitu kwenye kifurushi, omba waitoe kotisoli waweke TSH, kipimo cha tezi ya shingo. Tezi hiyo ikifanya kazi kupita kiasi huleta moyo kwenda mbio, kukosa usingizi, jasho na hasira za haraka, na mtu huhangaika na "stresi" mwaka mzima ilhali dawa yake ipo.

ESR, na bodaboda

ESR hupima chembe nyekundu zinateremka milimita ngapi kwa saa moja ndani ya mrija wima. Ni ya bei nafuu, ni ya zamani, na kwa stresi haina makali. Upungufu wa damu huipandisha, ujauzito huipandisha, umri huipandisha, selimundu huishusha. Kadirio la kiwango cha juu linalotumika mezani ni umri gawanya kwa 2 kwa mwanamume, na umri jumlisha 10 gawanya kwa 2 kwa mwanamke. Mwanamke wa miaka 50 mwenye ESR ya 28 basi yuko ndani ya kawaida yake, hata kama mashine imeweka alama nyekundu.

Cha kuangalia zaidi ni safari ya chupa. Vituo vingi vya mitaani huchukua damu tu; upimaji uko kwingine, na chupa husafirishwa kwa bodaboda. ESR iliyokaa kwenye joto la kawaida inafaa ifanywe ndani ya saa 4. Na ikifika, mrija ukisimamishwa umeinama nyuzi 3 tu, majibu yanaweza kuongezeka kwa hadi asilimia 30. Meza inayotikisika kwa sababu sentrifyuji iko juu yake nayo huharibu. Uliza swali moja: "Mnaifanyia hapahapa?" Jibu likiwa hapana, na umetolewa damu asubuhi, na gari la sampuli linapita jioni, usiilipie.

Sukari ina ugonjwa huohuo wa safari. Kwenye chupa isiyo na floridi, ile isiyo ya kifuniko cha kijivu, chembe za damu huendelea kula glukosi, nayo hushuka yapata asilimia 5 hadi 7 kila saa hadi damu itenganishwe. Mwenye sukari ya mpakani anaweza kutoka "mzima" kwa sababu ya foleni ya Mombasa Road. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi michache, kwenye chupa ya zambarau haisumbuliwi na hilo, na kwa kuwa msongo wa muda mrefu huisukuma sukari juu kupitia kotisoli, tungeichukua hiyo badala yake. Kuanzia asilimia 6.5 ni kisukari, ila kipimo kirudiwe kabla ya kumtangazia mtu.

Vingine kwa ufupi

Hemogramu kamili inastahili nafasi yake. Sehemu kubwa ya wanawake wanaolalamika kwamba wamechoka, moyo unadunda na hawawezi kupanda ghorofa, wanachohitaji ni kuangaliwa hemoglobini kabla ya kuambiwa habari za mawazo. Mafuta ya damu: sawa, hasa umri ukipita 40. Vitamini D: ruka, labda daktari awe na sababu yake.

H. pylori panahitaji tahadhari. Tangu Barry Marshall na Robin Warren walipokitambua kijidudu hicho miaka ya 1980, kazi iliyowapa Nobeli mwaka wa 2005, tunajua kwamba vidonda vingi vya tumbo vinatokana nacho au na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni. Msongo unaweza kuongeza makali ya maumivu na asidi, lakini kumpa mtu ushauri wa kupunguza mawazo wakati ana bakteria tumboni ni kumchelewesha. Tatizo la kifurushi ni kwamba kipimo kinachotumika mara nyingi ni cha damu, ambacho huonyesha kingamwili. Kingamwili hukaa muda mrefu baada ya kijidudu kuuawa, kwa hiyo aliyetibiwa mwaka jana anatoka "ana H. pylori" na kupewa antibayotiki tena. Dai kipimo cha choo cha antijeni (kinachotafuta chembe za kijidudu chenyewe) au cha pumzi. Omeprazoli na ndugu zake ziachwe wiki 2 kabla, antibayotiki wiki 4, la sivyo kipimo kinaweza kukosa kijidudu kilichopo.

Kilichoachwa nje

Kwanza, karatasi ya maswali. Kumuuliza mtu kwa utaratibu ndiyo njia iliyotumika kwenye tafiti zile zote za mafua na za kijidonda cha mkononi. Hakuna aliyepimiwa stresi kwa sindano. Kipimo cha PSS, cha msongo anaouhisi mtu, kina maswali 10 kuhusu mwezi uliopita, kila moja alama 0 hadi 4, jumla 0 hadi 40. Kosa linalojirudia ni kusahau kugeuza alama za swali la 4, 5, 7 na 8, ambazo zimeulizwa kwa upande mzuri: aliyejibu 4 huandikiwa 0, aliyejibu 3 huandikiwa 1. Usipogeuza, mtu mtulivu anatoka na alama nyingi kuliko zake halisi. Kwa kawaida 27 na kuendelea huhesabiwa kuwa msongo mkubwa. Ongeza PHQ-9, karatasi ya maswali ya sonona (huzuni kubwa) kuhusu wiki 2 zilizopita, inayotumika kwa Kiswahili hapa Kenya: 10 au zaidi inataka mtu aonwe na mtaalamu. Swali lake la 9 linahusu mawazo ya kujidhuru, na jibu lolote lisilo sifuri halisubiri jumla ya alama. Msalaba Mwekundu Kenya wana laini ya bure ya 1199, na Hospitali ya Mathari iko Thika Road. Maabara inayouza kifurushi cha stresi bila karatasi hizi, wala mtu wa kumwelekeza mteja akijibu vibaya, imeuza nusu ya kazi.

Pili, presha, ipimwe nyumbani. Uhusiano wa msongo na mishipa ni mzito: uchunguzi wa INTERHEART, uliochapishwa mwaka wa 2004 kutoka nchi 52, ulikuta waliopata shambulio la moyo walikuwa wameripoti msongo zaidi ya wenzao. Presha ni kitu unachoweza kukifuatilia na kukitibu. Chukua mashine ya mkono wa juu, usichukue ya kifundo cha mkono. Pima mzingo wa mkono wako kwa futi ya fundi cherehani kabla ya kununua: mkanda wa kawaida ni wa sentimita 22 hadi 32, na mkono wa sentimita 36 ukibanwa ndani yake utasoma juu bila sababu. Ipo mikanda ya 22 hadi 42. Kaa dakika 5 umeegemea, miguu chini bila kupishana, kibofu kitupu, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mdomo umefungwa. Soma mara mbili kwa kuachia dakika moja, asubuhi na jioni, siku 7. Tupa siku ya kwanza, pata wastani wa zilizobaki. Kuanzia 135/85 nyumbani, mwone daktari. Ile ya bure ya kemisti, umetoka tu kushuka ngazi na mhudumu anakuuliza habari za nyumbani huku mkanda unajaa, usiitegemee.

Saa za mkononi zenye alama ya stresi husoma tofauti ndogo za muda kati ya pigo moja la moyo na jingine. Usiku, mkanda ukiwa umekaa vizuri, mwelekeo wa wiki kadhaa unaweza kusaidia. Lakini bia mbili au homa inayokuja hupunguza tofauti hizo vilevile, kama msongo, na saa haina njia ya kujua CRP yako.

Na hayo makopo kwenye kaunta

Vifurushi vingine huishia na pendekezo la vidonge: manjano yenye pilipili manga, ashwagandha (mmea wa dawa wa Kihindi), "kisafisha ini". Kurkumini ya manjano hufyonzwa kidogo sana, ndiyo maana watengenezaji huongeza piperini ya pilipili manga. Ikifyonzwa zaidi, imeripotiwa pia kuumiza ini kwa baadhi ya watu. Ashwagandha nayo ina ripoti za ini, na inaweza kugongana na dawa za tezi ya shingo, za kisukari na za usingizi. Manjano ya kwenye mchuzi hayana shida. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, za kisukari au za Ukimwi asimeze kopo lolote la aina hiyo kabla mfamasia hajasoma kibandiko chote, pamoja na maandishi madogo ya nyuma. Aliyekwisha kuanza, akiona mkojo mweusi, macho ya manjano au mwasho wa mwili mzima, aache siku hiyohiyo na aende kupimwa ini, akiwa na kopo lenyewe mkononi.